Karai la Unga Mweusi

Kazi ile niliipata kwa sababu ya kisu. Nilikuwa nimekinunua Kings Heath, hapa Birmingham, katika duka moja la vyombo kwenye High Street, kisu kizuri chenye mpini wa mti, na kabla sijafika kituo cha basi nikashindwa kujizuia. Nikakitoa kwenye karatasi zake nikakipima makali kwa kidole gumba, vile mama yangu alivyokuwa akipima visu vyake Isiolo, anakipitisha polepole huku amekunja uso kama fundi. Makali yalikuwepo. Damu ilitoka mpaka ikafika kwenye mkono wa baibui.

Sasa jionee mwenyewe: mwanamke wa Kisomali wa miaka hamsini na minne, amesimama barabarani mchana kweupe, mkono huu kisu kitupu, mkono ule unavuja damu. Katika mji huu kwa jambo kama hilo hukawii kuitiwa polisi. Nikaingia mlango wa kwanza niliouona, na ulikuwa wa duka la dawa za Kichina. Nyuma ya meza alikuwepo mzee mmoja wa Kichina, mwembamba, amevaa sweta la kijivu lililotoboka kiwikoni. Alikiangalia kisu kwanza, halafu kidole, halafu akanyoosha mkono.

"Kisu," akasema.

Nikampa. Akakijaribu kwa kukatia mzizi fulani uliokuwa pale mezani, akaguna kwa kuridhika, ndipo akakumbuka kwamba mwenye kisu anamwaga damu sakafuni kwake. Alinikalisha kwenye kiti, akanisafisha kidole kwa maji, akakibana kwa kitambaa, akauliza, "Unakunywa vidonge gani?"

"Mimi nimekuja na kidole, wewe unaniuliza vidonge?"

"Jibu."

Nikamwambia ni vya presha tu. Akafungua kikopo kidogo, akachota unga mweusi kama masizi, akaumwagia pale kwenye jeraha na kukandamiza. Mimi nikapiga kelele kwamba ananitia uchafu. Akazidi kukandamiza. Baada ya muda mfupi aliachia, na damu ilikuwa imekoma. Najua, hata kwa kubana tu ingekoma. Muuguzi aliniambia hivyo baadaye, na binti yangu ameniambia mara mbili. Lakini siku ile nilikitazama kidole changu cheusi nikanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza ovyo.

Wakati nimekaa hivyo ndipo harufu ikanifikia. Katikati ya harufu zote za majani na magome ya miti, palikuwa na harufu ninayoijua tangu niko tumboni: ubani. Nikanyanyuka bila ruhusa, nikafuata pua mpaka kwenye droo moja kati ya zile droo ndogo za mbao zilizojaa ukuta mzima, nikaivuta. Ubani. Droo ya chini yake, manemane. Nikauchukua ubani punje moja, nikaunusa, nikamwambia, "Huu umezeeka. Nani kakuuzia takataka hii?"

Tulisemezana kwa Kiingereza, chake cha kukatakata, changu kilichopitia Uholanzi. Aliifunga droo. Kisha akaelekeza kidole dirishani, palipobandikwa karatasi ya kutafuta msaidizi wa siku tatu kwa wiki.

Isiolo nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi kwa miaka kumi na moja. Uholanzi nilisafisha maofisi. Birmingham nilipanga sandwichi kwenye vibweta vya plastiki mpaka kiwanda kikahama. Siyasemi haya nionewe huruma. Nimekula, nimelala, nimelea binti akasoma. Lakini tangu niiache chaki, mikono yangu ilikuwa haijui kitu chochote ambacho mikono ya mtu mwingine haikijui, na hilo lilinikera kuliko baridi. Kwa hiyo niliposhika ufagio katika duka lile na kuona majani yasiyo na idadi, kila moja na siri yake, nilifurahi kama mtoto aliyepewa daftari jipya.

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nilipanda basi namba kumi na moja, lile linalouzunguka mji, kutoka upande wetu wa Bordesley Green. Nilifagia, nilipangusa droo, nilikata mizizi kwa kisu changu mwenyewe, kwa maana mzee alikuwa amekataa kabisa kukirudisha. Nilimfundisha neno "mzee" na akalipenda. Akiulizwa na wateja jina lake, analitaja hilo.

Watu walimjia kwa usingizi, kwa tumbo na kwa magoti, lakini sifa yake ilikuwa damu na majeraha madogo. Mpishi aliyejikata, fundi aliyegonga kidole kwa nyundo, bibi wa Kizungu aliyeteleza kwenye ngazi akavimba paja. Walioumia kweli aliwafukuza. "Hospitali," alisema, na alikuwa akifungua mlango mwenyewe. Wengine aliwauliza lile swali lake la vidonge, na wakiwa wanakunywa vile vya kufanya damu isigande, hata wabembeleze vipi, hawapati kitu cha kumeza.

Palikuwa na mzizi mgumu kama kokoto, ambao jina lake kwa lugha yake maana yake ni Tatu-Saba. Tuliutwanga kwenye kinu cha shaba mpaka ukawa unga wa kijivu, mchungu mwanzo na mtamu mwisho. Palikuwa na chavua ya nyasi za bwawani, ya manjano, nyepesi kiasi kwamba ukipiga chafya umeipoteza. Palikuwa na jani la jamii ya pakanga, na vifundo vya mizizi ya yungiyungi, vile vinavyounga kipande na kipande. Na katika chumba cha nyuma, ng'ambo ya pazia, juu ya jiko la gesi, palikuwa na karai.

Lilikuwa karai la chuma, kubwa, jeusi kuliko usiku wa Isiolo, na mafuta yake ya miaka yameshikamana nalo yakawa kama ngozi. Siku ya kwanza kabisa mzee alinionyesha akasema, "Fagia. Pangusa. Kata. Karai si lako."

Nilidhani anaogopa nitaungua.

Siku niliyoharibu ilikuwa Ijumaa. Mzee alikuwa na miadi hospitalini, Harborne, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Aliniachia funguo. Nikafika, nikafungua, nikapita nyuma kuchukua ufagio, na nikakuta balaa. Kwenye sinia kubwa karibu na mlango wa uani palikuwa na vitu vyeusi tititi, vimeungua, vingi, na karai lenyewe limegandana masizi. Moyo uliniuma. Nikajisemea, masikini mzee wa watu, mkono umemshinda, ameunguza kazi ya siku nzima na aibu imemfanya aondoke bila kusema.

Mama yangu alinilea kwa sheria moja jikoni: kikiungua, kitupe kabla mwenye nyumba hajakiona, na sufuria isuguliwe mpaka ujione uso. Hiyo ndiyo heshima kwa aliyepika. Basi nikavifagia vyote kwenye pipa la taka, kila kipande. Kisha nikalichukua karai, nikatafuta waya wa kusugulia, nikakunja mikono. Nililisugua saa nzima. Nililisugua mpaka likatoa rangi ya fedha, likang'aa kama kioo cha kinyozi, nikaliweka pale juu ya jiko na kurudi nyuma hatua mbili kulitazama. Nilikuwa na raha sana.

Mzee alirudi saa sita. Akaingia nyuma. Hakutoka, nikamfuata.

Alikuwa amesimama mbele ya karai.

"Umesafisha," akasema.

"Ndiyo. Usijali, Mzee. Kila mtu anaunguza."

Akaenda kwenye pipa, akainama, akatoa kitu kimoja cheusi, kifundo cha yungiyungi. Akakivunja kwa kucha na kuniletea machoni. Nje kilikuwa makaa. Ndani kilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

"Nje imekufa, ndani iko hai," akasema. "Ndiyo dawa. Ikifa yote, ni majivu. Majivu hayazuii damu. Jana nimesimama hapa kwa saa nne." Halafu akagusa ukingo wa karai lile linalong'aa. "Na hili, miaka thelathini."

Unga mweusi alionitia kidoleni siku ile. Ndio huo niliokuwa nimeutupa.

Mtu mwenye adabu angeomba radhi. Mimi mori ulinipanda, kwa kuwa nikiona aibu huwa sina njia nyingine. "Ningejuaje? Kwetu kitu kikiungua kinatupwa! Ungeandika!"

"Nimeandika," akasema, akanionyesha kikaratasi kwenye sinia. Kichina kitupu.

Nikachukua mkoba wangu nikaenda zangu.

Jirani yangu ni mama wa Kikongo, wa kutoka Bukavu. Yeye Jumapili yuko kanisani kuanzia asubuhi mpaka jioni, mimi Ijumaa adhuhuri niko msikitini, na siku zilizobaki tuko kwenye ukuta mfupi unaogawa nyua zetu, tunasema watu. Nilimweleza yote nikitarajia aniunge mkono. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Dada, unatupa dawa ya mzee wa watu, kisha ni weye unakasirika? Mais non! Weye uko na kichwa nguvu sana. Rudia kule. Peleka ata kitu kidogo."

Sikulala vizuri, nakiri. Kilichonichoma si kazi. Kazi za kufagia haziishi Birmingham. Kilichonichoma ni kwamba nilikuwa nimekiona kitu kizuri mara moja tu, pale alipokivunja, na tayari nilikuwa nimekitupa. Jumatatu nikapita duka la Wasomali wenzangu, nikachagua ubani punje kwa punje, ule wa rangi ya asali, mpaka muuzaji akachoka nami. Nikaupeleka. Sikusema samahani. Nikaufungua juu ya meza yake nikasimama pembeni kama mwanafunzi aliyechelewa.

Alichukua punje akaitafuna. Ubani wa zamani hukatika kama mchanga mdomoni. Huu ulilainika, ukawa mweupe, ukashika meno. Alitafuna muda mrefu.

"Wapi?" akauliza.

"Kwetu," nikasema, ingawa huko unakotoka ubani, nchi ya Wasomali, mimi nilipita mara mbili tu maishani, kusalimia shangazi.

Akaniambia kwamba kwa lugha yao ubani unaitwa harufu ya maziwa, na kwamba hata katika vitabu vya kale imeandikwa unatoka mbali, ng'ambo. Kisha akafanya jambo lililonitoa machozi: akaukaanga kwa siki. Ubani wangu! Kwetu tunaufukiza kwenye nguo na kwenye nyumba za maharusi. Yeye aliutia siki mpaka ukang'aa na harufu yote ikakimbia, ili ausage kwa ajili ya watu walioteleza kwenye ngazi. Nikaziba pua nikamwambia ni dhambi. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona meno.

Karai lenyewe alilihangaikia wiki nzima. Alilipaka mafuta na kulichoma, akalipaka tena na kulichoma tena, na kila nilipopita nyuma alikuwa ameinama juu yake na mkono ule unatetemeka. Hakuninyooshea kidole. Afadhali angenitukana.

Ndipo akaniambia. Tulikuwa tunakunywa chai, yeye yake isiyo na kitu, mimi yangu yenye kila kitu. Akaelekeza kichwa kwenye rafu ambapo vikopo vya unga mweusi vilikuwa sita.

"Vikiisha, vimeisha."

Kuchoma kunataka mkono usiotulia hata sekunde, unageuza na kugeuza, na wake ulikuwa ukimsaliti: unakwama, unaruka, upande mmoja unakuwa majivu na mwingine unabaki mbichi. Watoto wake wako mbali, wanafanya kazi za kompyuta, humpigia simu Jumapili kumwuliza kama amekula. Dawa nyingine zote angeweza kuagiza. Unga huo haununui kwa mtu, kwa kuwa hamwamini mtu yeyote kwamba hakuuchoma ukawa majivu.

"Nifundishe mimi," nikasema.

Alinitazama, akatazama mikono yangu. "Wewe unasafisha sana."

Niliitaka kazi ile. Nilitaka karai lile kama nilivyowahi kutaka vitu viwili au vitatu tu katika umri wangu. Lakini nilijua pia kwamba mtu uliyemtupia kazi yake kwenye pipa humwambii akuamini, unamwonyesha.

Nikaenda duka kubwa la vyakula la Wachina, nikanunua mizizi ya yungiyungi, nikakata vifundo, nikavianika juu ya redieta ya kupashia chumba joto mpaka nyumba ikanuka dimbwi. Nikatafuta karai langu la kukaangia bajia. Jumamosi ya kwanza nilivichoma kwa moto mkubwa, na king'ora cha moshi kikapiga kelele mpaka jirani akatoka na kanga kichwani akidhani ni moto. Binti yangu akateremka ngazi mbio.

"Mama, oh my God! What are you burning?"

"Dawa."

"Si ni ile ulitupa? You literally put it in the bin. Sasa una-burn on purpose?"

"Fungua dirisha, acha maswali."

Jumatatu nikampelekea mzee vipande kumi ndani ya leso. Akavichukua mpaka dirishani, kwenye mwanga, akavunja kimoja. "Majivu," akasema, na vyote vikaingia pipani. Jumatatu iliyofuata: "Mbichi." Iliyofuata: "Majivu." Mimi, niliyewahi kusahihisha madaftari ya watoto hamsini kwa kalamu nyekundu, bila huruma, nikasimama kila Jumatatu nikisubiri alama zangu. Niliwakumbuka wale watoto mmoja mmoja. Wengine niliwaonea.

Kilichonisaidia mwishoni ni bibi yangu na buni. Bibi alikuwa akikaanga buni katika samli na macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Haoni, lakini hakuwahi kuunguza hata siku moja. Alisikiliza na kunusa. Mimi kosa langu lilikuwa kutazama. Weusi huja mapema, unakudanganya kwamba kazi imekwisha au imeharibika. Basi Jumamosi moja nikashusha moto, nikafumba macho, nikageuza tu. Kwanza ilinuka majani mabichi, kisha nyasi kavu, kisha, ghafla, ukoko wa mkate. Hapo nikaepua. Nikavunja kimoja: nje makaa, ndani chai ya maziwa. Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni, binti yangu akafunga mlango wa chumba chake.

Mzee alikivunja dirishani. Akavunja cha pili, na cha tatu. Havikuingia pipani. Akaviweka kwenye sahani, akaendelea na kazi zake. Karai hakunipa.

Juma lile jirani yangu alikuja dukani. Alikuwa ametokwa damu puani mara tatu, na alikuwa amesikia mimi mwenyewe nikiisifu Tatu-Saba kwenye ukuta wetu kila siku. Mzee alikuwa nyuma, pazia limeshuka. Niko peke yangu mbele.

"Dada, nipe tu kijiko kimoja. Nitameza na maji."

Nikawa nimeshavuta droo. Nimeshashika kijiko. Kisha swali lilitoka lenyewe, kwa sauti ile ile iliyonikera siku ya kidole: "Unakunywa vidonge gani?"

"Ah, si unajua. Ile ya moyo, na ile ingine, ya kufanya damu ikuwe maji-maji."

Nikarudisha kijiko. "Basi sikupi."

"Unaninyima? Mie? Mie nilikulindia mtoto wakati ulikuwa malade kitandani!"

"Sikupi. Vaa koti, tunaenda hospitali sasa hivi, wakuangalie hivyo vidonge."

Alininunia. Tulikaa ghorofa ya juu ya basi, yeye dirisha hili, mimi dirisha lile, hadi hospitali ile iliyo karibu na kwetu, na tukasubiri pamoja saa tatu bila kusemezana, tukila karanga zake. Kipimo kilionyesha dozi ni kubwa kupita kiasi. Wakaipunguza. Kurudi nyumbani alinishika mkono, akasema, "Kichwa nguvu," na ikawa yameisha.

Jumatatu nilipofika, aproni ya mzee ilikuwa juu ya kiti changu. Nilidhani inataka kufuliwa. Yeye alikuwa kwenye jiko, amewasha moto.

"Nilikuwa nyuma ya pazia," akasema. "Kuchoma, kila mtu anaweza kujifunza. Vaa."

Alinifundisha yaliyobaki. Kunyunyiza maji kidogo kwa ncha za vidole kuzima cheche. Kutandaza kwenye sinia na kuacha mpaka kesho yake, kwa kuwa moto hujificha ndani ya kipande kimoja na ukikifungia koponi utakuta umepoteza kopo na rafu. Kwenye karai lake, lililokuwa limeanza kupata ngozi upya, mkono wangu ulijua njia haraka kuliko kwenye lile la bajia. Nilikuwa na furaha, nasema wazi. Nilirudi nyumbani ninanuka moshi na abiria wakijisogeza mbali nami, nami ninatabasamu dirishani.

Lakini kila awamu niliyochoma, kabla haijasagwa, mzee alichukua vipande vitano kwenda navyo dirishani. Kila awamu. Kimoja baada ya kingine, anavunja, anatazama, anavunja. Wiki zikapita, miezi ikapita, vikopo vyangu vikajaza rafu, na bado anavunja. Sikumlaumu. Hata hivyo iliniuma. Nilimwona akiwa dirishani, nikaliona akilini lile karai nililoling'arisha, na nikajua kwamba yeye pia analiona. Nilitaka siku moja tu asivunje.

Siku hiyo ilikuja msimu huu wa baridi, asubuhi ya Jumatano, mvua nyembamba inanyesha na hakuna mteja. Nilikuwa nimekwisha kusaga mapema unga wa vifundo vya juzi, nikiwa na hakika kwamba alikuwa amevipitisha Jumanne nisipokuwepo. Kumbe, nilikuja kusikia unga umeshaingia koponi, hakuwa amekuja kabisa, mkono ulimlaza. Mzee alikuwa anakata magome kwa kisu changu. Nilimkataza mara mia kisu kile. Mkono uliruka, na kisu, ambacho bado kina makali yale yale, kikamchana kidole cha shahada cha kushoto.

Damu ikamwagika juu ya magome. Nikamkalisha kwenye kile kiti. Nikamwosha, nikambana kwa kitambaa, nikageuka kwenye rafu. Palikuwa na kikopo chake cha mwisho, kati ya vile sita, alichokuwa amekiweka bila kukiuza. Nikakishika hicho.

"Hapana," akasema. "Kile kipya."

"Hicho hukuvunja, Mzee. Sikujua. Nimesaga bila wewe kuvunja."

"Najua. Nimeona asubuhi."

Nikasimama na vikopo viwili mikononi. Kisha nikauliza, kwa kuwa swali ni swali, "Unakunywa vidonge gani?"

Alifikiri kwa makini kabisa, kama mteja, akavitaja: cha presha, na kile kipya cha mkono. Hakuna cha kufanya damu isigande. Nikafungua kikopo changu. Yeye akaninyooshea kidole, na akageuza uso akatazama nje, watu wanavyopita na miavuli. Hakuutazama unga. Nilimwaga, nikakandamiza, na mkono wake ukatetemeka ndani ya wangu, na sikuachia mpaka damu ilipokoma. Macho yangu yalijaa. Nikamwambia ni siki ya ubani.

Nilipomaliza kumfunga, alivuta droo ya meza akatoa kalamu nene nyeusi na vibandiko vyeupe. Siku zote vikopo aliandika mwenyewe, maandishi yake mazuri ya kusimama, ingawa siku hizi yalikuwa yanapinda. Akanisogezea kalamu.

"Andika."

"Mimi sijui Kichina."

"Andika yako. Ili anayekuja nyuma yako asisafishe."

Tangu nitoke Isiolo sijawahi kushika kalamu mkono ukiwa umetulia hivyo. Nikabandika karatasi kwenye kikopo, nikaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, herufi kubwa, wazi, hata mtoto wa darasa la kwanza asome: USITUPE. NI DAWA.